Shemeji Aliyejitambua

Mume wa mdogo wangu ni fundi wa sofa, na nianze kwa kumtendea haki: sofa zake hazina mpinzani. Ukikalia kiti alichokifunga yeye, hata mgongo wenye kinyongo husamehe. Hilo ndilo jema nililo nalo la kumsemea, na nimelitanguliza nisije nikalisahau mbele ya safari.

Namjua kwake na namjua kazini. Mume wangu alipofariki nilihamia chumba cha uani nyumbani kwao, na mchana nashona vitambaa vya viti katika karakana yake, kwa hiyo haya si ya kusimuliwa. Karakana ni banda refu la mabati. Mbele maseremala wanaunda fremu, katikati mafundi wanakata sponji na kubandika, na nyuma kabisa, chini ya dirisha, ni mimi na cherehani yangu. Pale nilipo naona kila kitu na kusikia kila kitu, na kwa miaka mingi nilichosikia ni yeye. Mafundi walimwita Radi. Kitambaa kikikatwa upande, alinguruma. Msumari ukipinda, aliulaani msumari, akamlaani aliyeupiga, akamalizia na ukoo wa aliyeupiga. Nyumbani alikuwa vivyo hivyo, ila huko hakukuwa na mabati ya kurudisha mwangwi.

Kisha presha ikampanda. Alikuwa akimfokea mwenye mgahawa mmoja aliyerudi kulalamika kwamba viti vyake vimebonyea, mara akashika ukuta, akateremka taratibu na kukaa juu ya mabaki ya sponji, uso umemgeuka rangi. Hospitali wakamwambia ameponea chupuchupu. Wakampa vidonge, wakamwagiza apunguze chumvi na hasira. Chumvi aliipunguza siku hiyo hiyo, kwa kuwa mpishi ni mdogo wangu. Hasira hakujua aishike wapi, mpaka binamu yake mmoja, mtu wa ofisini asiyekosa semina, akampeleka kwenye ukumbi wa hoteli alikokuja mtu wa kufundisha utulivu.

Sijui huko waliambiwa nini. Yawezekana mwalimu alifundisha vizuri tu. Mbegu njema nayo hutupwa kwenye kokoto. Ninachojua ni kilichorudi. Kilirudi Jumapili jioni, kina sauti ya chini kama ya mtu anayembembeleza mtoto asiye wake, kwapani kimebana mkeka mwembamba na mkononi kimeshika kikengele cha shaba.

Tangu siku hiyo hapakulika wala hapakutembewa. Alituambia kwamba sisi sote tunaishi kama waliolala, tunatia tonge mdomoni na akili iko kwingine, na kwamba yeye sasa anajitambua. Neno hilo alilipenda kama mtoto anavyopenda kiatu kipya. Alijitambua akipiga mswaki, akajitambua akivua soksi. Siku moja alichukua punje moja ya karanga, akaigeuzageuza, akainusa, akaitia mdomoni na kuitafuna macho yamefumba, na sisi tumekaa mezani tunamsubiri kwa sababu alikuwa amekataza mtu kuanza kula kabla yake. Chai ikapoa. Binti yake akamwuliza kwa adabu kama karanga imekwisha. Akajibu kwamba karanga haiishi.

Kazini ilikuwa kubwa zaidi. Alikitundika kikengele kwenye nguzo ya katikati, na kila alipokigonga ilikuwa sheria watu waache walichoshika, wasimame wima, wapumue. Gundi ya sponji haina habari na utulivu. Ukishaipaka una nafasi ndogo tu ya kubandika, ukichelewa inakauka na sponji haishiki tena. Mafundi walisimama na brashi mikononi wakiitazama gundi inavyokauka, wanapumua kwa hasira. Jina la Radi likafa, wakamwita Kengele. Fundi mkubwa wa sponji, mtu mzima mwenye heshima zake, aliniambia kwamba ni afadhali zamani, maana radi hupiga ikapita.

Na usidhani alikuwa ameacha kufoka. Alibadilisha lugha tu. Zamani, fundi akikosea, alimwita mjinga, basi, kazi ikaendelea. Sasa alimwita pembeni, akamshika bega, akamwuliza kwa upole ni maumivu gani ya utotoni yaliyomfanya akate kitambaa vibaya. Seremala mmoja alitoka kwenye mazungumzo hayo akiwa na machozi, akasema angependelea kofi.

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akimtetea. Ni mwanamke mpole, mwenye utani wa chini chini ambao ukizubaa unakupita. Kwa muda wote wa ndoa yao alikuwa ameishi kama jirani wa kinu cha kusaga, na nyumba iliponyamaza ghafla alishukuru. Nilipoanza kumsema mumewe aliniwahi.

"Dada, mwache apumue," alisema. "Akipumua hapigi kelele."

Nikamwacha. Baada ya muda si mrefu shemeji akaona utulivu wake umezidi mahitaji ya nyumba moja, akaanza kuwagawia wengine. Kila Jumamosi alasiri sebule yao ilijaa watu: wateja wa sofa, majirani wawili watatu, yule binamu wa semina, muuguzi mmoja mstaafu aliyekuja kwa ajili ya magoti yake, na mwanasheria aliyekuwa akisinzia tangu mwanzo hadi mwisho na kusifiwa kwa kuzama ndani sana. Walikaa sakafuni, kwa sababu fundi wangu wa sofa alikuwa amegundua kwamba sofa zinaharibu uti wa mgongo. Aliwaambia hivyo Jumamosi, na Jumatatu akawapokea karakanani kuwaonyesha vitambaa vipya. Mdogo wangu alipika chai ya wote, akaosha vikombe vya wote. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa ameacha kabisa kugeuka nyuma, anatazama pumzi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Asubuhi moja mdogo wangu aliamka, sikio la kushoto limeziba kana kwamba limeshindiliwa sponji, na ndani yake kuna mlio kama wa birika linalokaribia kuchemka. Akaligonga, akapiga miayo, akajimwagia maji ya uvuguvugu, wapi. Akaingiwa na hofu. Mumewe alikuwa juu ya mkeka, miguu ameikunja, macho amefumba. Akamwita, akamwambia sikio lake moja halisikii na linalia. Shemeji hakufumbua macho. Aliinua kidole kimoja kumwonyesha asubiri. Mdogo wangu akasubiri, amesimama pale na kanga yake, mkono sikioni. Mumewe alipomaliza kupumua, akamwambia kwamba hizo ni kelele za mawazo, kila mtu anazo, na dawa yake si kuzikimbia. Azitazame tu, asizipe jina, zitapita zenyewe.

Na mdogo wangu, kwa imani yake, akazitazama. Alikaa na mlio ule wiki nzima, ikaja ya pili, akiutazama, asiupe jina. Hakuniambia. Alidhani kosa ni lake, kwamba hajui kutazama vizuri.

Niliyagundua mwenyewe. Nilimwona anahamisha simu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine kila ikilia. Nilimwona mezani anageuza shingo kama kuku anapoangalia punje. Nikimwita kutoka uani, anakwenda kunitafuta jikoni. Ijumaa moja asubuhi nilimbana, akanieleza yote, na alipofika kwenye habari ya kidole kilichoinuliwa alicheka kidogo, lakini macho hayakucheka. Tukakubaliana kwamba Jumatatu, kliniki ya masikio ikifunguliwa, tutakwenda. Mimi nikaona mwenye mke lazima aambiwe kwanza.

Nilimkuta karakanani anapima kitambaa. Nikamwambia bila mzunguko kwamba mkewe hasikii sikio la kushoto na apelekwe hospitali. Akaweka mkasi chini. Akafumba macho, akavuta pumzi, akaitoa, akafumbua.

"Shemeji, unaona ulivyokuja? Umekuja na moto," aliniambia. "Huo moto, unausikia wapi mwilini?"

Nikamwambia nausikia kwenye ulimi, na asiponijibu utahamia mkononi. Mafundi wakainamia kazi zao. Shemeji akatabasamu lile tabasamu la mtu anayengoja mtoto amalize kulia. Akanieleza kwamba amekwisha kuiona hali hiyo, na kwamba si ugonjwa. Mke wake akiambiwa neno huuliza mara mbili, ukimwita hugeukia kwingine, yote hayo ni dalili ya mtu asiyekuwepo, mtu ambaye mwili uko nyumbani na akili iko kwenye masufuria. Tena nisiwe na wasiwasi, ameandaa zoezi la kesho kwa ajili yake hasa.

Niliporudi nyumbani nilimwomba mdogo wangu asikae kwenye darasa hilo. Akasema amechoka kuwa nje ya mlango na sinia, na kama kuna zoezi lake, acha alione.

Zoezi lenyewe lilikuwa hivi. Wote walikaa duara kwenye zulia, macho wamefumba. Shemeji alivua viatu, akazunguka nyuma yao kwa soksi, ananyata kama mwizi wa kuku, na kila baada ya hatua chache anagonga kikengele, alichokuwa amekitungua karakanani. Wao wanyooshe kidole kule sauti inakotoka. Mimi nilisimama kwenye mlango wa jikoni, macho wazi, maana mtu hawezi kuniamuru kufumba macho mchana. Akagonga karibu na kabati, mikono yote ikaelekea kabatini. Akagonga mlangoni, mikono yote ikahamia mlangoni. Hata wa mwanasheria, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa macho. Wa mdogo wangu peke yake ulikuwa unapepesuka. Mtu akisikia kwa sikio moja, sauti anaipata ila mahali inakotoka hapati. Alikuwa akikisia, uso umemkaza, anajitahidi kama mtoto wa shule aliyeitwa mbele ya ubao.

Mara ya mwisho shemeji alisimama dirishani, upande wa kushoto wa mkewe, karibu naye kabisa, akagonga. Mikono yote ikaenda dirishani. Mdogo wangu akanyoosha kidole upande wa pili, mlangoni, kwa uhakika wa mtu aliyekata tamaa. Shemeji akawaambia wafumbue macho bila kushusha mikono. Wakatazamana, wakamwona mdogo wangu, wawili watatu wakacheka, si kwa ubaya.

"Mnaona?" akasema shemeji kwa ile sauti yake ya asali. "Mwili uko hapa, mwenyewe hayupo. Mke wangu, ulikuwa umekwenda wapi?"

Mdogo wangu alishusha mkono polepole, akauweka mapajani. Hakupandisha sauti.

"Sijaenda popote. Sikio la kushoto limekufa. Nilikuambia asubuhi ile ile lilipokufa. Ulikuwa unapumua."

Ukimya alioutafuta tangu siku ya semina ulikuja sasa, na ulipokuja hakuupenda. Alisimama dirishani na soksi zake, kikengele kimening'inia kidoleni. Yule muuguzi mstaafu ndiye aliyeinuka, magoti yanamlilia, akapiga hatua mpaka kwa mdogo wangu, akasugua vidole karibu na sikio hili, kisha lile, akamwuliza yalianza lini. Mdogo wangu akamjibu. Akaulizwa alifanya nini. Akasema aliambiwa autazame ule mlio, basi akautazama. Muuguzi akamgeukia shemeji, akamtazama kama anavyotazamwa mtu anayeleta mgonjwa hospitali akiwa maiti tayari, kisha akaomba viatu vyake. Darasa likaisha hivyo. Chai haikunywewa.

Jumatatu tulikwenda watatu. Daktari wa masikio alikuwa mwanamama mwenye haraka, asiyependa maneno ya ziada. Alimfungia mdogo wangu kwenye kijumba cha vioo, akamvalisha vile visikilizio vya masikioni, akampima. Walipotoka, daktari akamwuliza mume hali hiyo ilianza siku gani. Shemeji akafungua mdomo. Mtu huyu alikuwa na uwezo wa kukueleza wazo lilipomjia, lilivyokaa, na lilivyoondoka. Lakini siku ambayo sikio la mkewe lilizimika hakuijua. Alimtazama mkewe amwokoe. Mdogo wangu alikuwa akiangalia picha ya sikio iliyobandikwa ukutani.

Daktari alieleza kwamba sikio likizimika ghafla namna hiyo ni jambo la kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Zipo dawa, na zikiwahi, wengine hurudishiwa. Sasa muda ulikuwa umepita mno. Alimpa dawa hata hivyo, akasema tusiwe na matumaini makubwa. Tulizimaliza. Sikio halikurudi, mlio nao haukuondoka. Mwezi uliofuata mdogo wangu alikoswakoswa na pikipiki barabarani, alisikia honi akarukia upande ule ule ilikotokea. Alichubuka kiwiko tu, lakini tangu hapo kuvuka barabara kwake ni mpaka ashike mkono wa mtu, mwanamke ambaye alikuwa anavuka huku anachambua mboga.

Nitasema kweli, shemeji alilia. Alilia pale hospitali, akalia na nyumbani, na kikengele kikatoweka kwenye nguzo ya karakana. Mafundi walimwonea huruma mpaka gundi ikaanza kushika tena. Hata mimi nilianza kulegea, nikamkorogea chai bila kuombwa.

Ningejizuia ningefanya la maana. Jumamosi za darasa zilirudi, na siku ya kwanza sebule ilifurika, kwa kuwa habari ilikuwa imezagaa. Mimi na mdogo wangu tulikuwa jikoni, mlango umerudishwa nusu. Tukamsikia anaanza. Alisimulia asubuhi ile, mkeka, kidole kilichoinuliwa, vyote, na sauti inamkatika mahali panapopendeza kukatika. Akasema kila mtu hupewa mwalimu wake, na yeye mwalimu wake lilikuwa sikio la mke wake; kwamba lilinyamaza ili yeye aanze kusikia. Watu wakavuta kamasi. Mtu mmoja akasema hajapata kusikia ushuhuda wa namna hiyo. Binamu wa semina akapendekeza hadithi hiyo ipelekwe hotelini.

Yaani mke amekuwa kiziwi, faida kapata mume. Mtu anaweza kujichungulia ndani kwa bidii hadi msiba wa mwenzake akauona ni kioo cha kujitazamia.

Mdogo wangu aliweka chini kitambaa cha kukaushia vyombo. Nilidhani anakwenda kulia uani. Alisukuma mlango, akaingia sebuleni, akasimama pale ambapo sikio lake zima linaelekea watu.

"Sikio ni langu," alisema. "Kama lina somo, nitalitoa mimi, siku nikipenda. Leo sipendi. Chai hakuna, na sebule nataka kuifagia."

Wakaondoka wakipishana mlangoni na mikeka yao. Muuguzi mstaafu hakuwa miongoni mwao, alikuwa ameacha kuja. Mumewe alipojaribu kusema neno kuhusu hasira, mdogo wangu alimgeuzia upande wa kushoto, akaendelea kufagia.

Baada ya hapo sheria za nyumba zilikuwa za mdogo wangu. Darasa lilihamia karakanani, jioni mafundi wakishaondoka, wanakaa juu ya mabaki ya sponji, sasa hakuna anayezungumzia uti wa mgongo. Mezani watu wanaanza kula chakula kikiwa cha moto. Mtu akiitwa anaitika, awe anapumua au hapumui. Na yeye mdogo wangu amejichagulia kiti cha pembeni, ukutani, ili sote tuwe upande wake wa kulia, na kitandani amechagua ubavu anaoutaka. Aliniambia kwamba akilalia sikio zima, mume anaweza kutambua lolote usiku kucha, yeye hana habari. Aliponiambia hivyo alicheka, na safari hii macho nayo yalicheka.

Shemeji bado anafundisha. Simulizi ya sikio ameiacha, maana anamwogopa mkewe kuliko presha, lakini watu wake wanaijua na wanamheshimu kwa machozi yake. Nikiulizwa kama amebadilika, nasema sijui, na sisemi hivyo kwa adabu. Wiki iliyopita mdogo wangu alikuja karakanani kutuletea chakula. Mumewe akaanza kumweleza habari ya mteja fulani huku wakitembea kati ya fremu, misumeno inalia. Mdogo wangu akakunja uso. Shemeji akakatisha neno katikati, akazunguka nyuma yake, akatokea upande wa kulia, akairudia habari tangu mwanzo, kwa sauti ya kawaida, bila somo wala pumzi.

Nilisimamisha cherehani. Lilikuwa jambo dogo, na lilikuwa zuri, na kwa kitambo nilikuwa tayari kumwandikia thawabu. Kisha akainua kichwa na kutupa macho mbele kwa maseremala, akayatupa katikati kwa watu wa sponji, akayaleta mpaka nyuma kwangu, anatafuta ni nani aliyemwona.

Nikatia uzi kwenye sindano, nikaendelea kushona.